Miaka sita na Subaru Legacy ya turbo hapa Mombasa, haya ndo niliyoyaona

Mimi ni mtu wa klaring, yaani kutoa mizigo bandarini, kazi yangu iko Kilindini, na magari nayaona yakishuka melini wiki nenda wiki rudi, Vitz, Probox, Fielder, Demio, mpaka macho yamezoea. Lakini kila iliposhuka Subaru Legacy B4 ya turbo (kile kifaa kinachoibania injini hewa ipate nguvu zaidi), ile yenye buti na tundu la hewa juu ya boneti, nilikuwa nasimama naiangalia mpaka iingie yadi. Nilisimama hivo miaka mingi. 2019 nikapata yangu, ya mwaka 2008, iliingia nchini 2015 ikiwa ukingoni kabisa manake sheria yetu hairuhusu gari iliyozidi miaka minane, mwenyewe alikuwa anahama anataka laki tisa na nusu tukamalizana kwa laki tisa. Sasa huu ni mwaka wa sita. Watu wananiuliza sana kama na wao wanunue, na kila mtu namjibu kipande, huyu mafuta, yule tairi, leo nimeona niandike yote mahali pamoja.

Wacha nianze na utamu wake, manake bila huo hakuna mtu angevumilia yale mengine.

Injini ni ya lita mbili, silinda nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, ndo ile wanaita boksa. Kwa gia otomatiki inatoa nguvu za farasi 260, ya gia za mkono inafika 280, na hizi gari za 1500 tunazopandia kila siku nyingi ziko kwenye mia na kitu tu. Kwa vile injini imelala uzito wote uko chini, halafu nguvu inakwenda magurudumu yote manne, basi ukiingia kona gari haiyumbi, imekaa kitako. Kuna na kile kidude cha kuzungusha katikati ya viti, SI-Drive, kina hali tatu, ile ya kwanza imepoa ya kwendea kazini, ya tatu ukiigusa ni kama umemuamsha mtu usingizini, kila unachomwambia anaitika papo hapo.

Mjini huo utamu huupati, usidanganyike. Mjini ni 50 na ni matuta na ni tuktuk. Mimi utamu wangu ni Jumapili baada ya swala ya alfajiri, daraja la Nyali halina mtu, napita Bamburi, Shanzu, nashuka Mtwapa kukiwa bado kijivujivu, halafu kule Vipingo mashamba ya mkonge yanaanza na mibuyu imesimama na jua linatoka upande wa bahari. Sikimbii huko. Naenda mwendo wangu wa kawaida tu lakini mguu unajua kuna nini chini yake, na usukani unakuambia kila kokoto lililoko barabarani, sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kulishika. Nafika Kilifi, nakunywa chai na mahamri, narudi. Kuna wiki ambazo hiyo safari moja ndo iliyonibakisha na akili zangu, nasema kweli.

Pia kuna utamu wa pili ambao watu hawauhesabu, nao ni usalama wa kupita malori. Mwenye kuijua barabara ya Nairobi kuanzia Mazeras kupanda anajua, malori yamefuatana kumi, kumi na tano, wewe uko nyuma na gari isiyo na nguvu na umetoka kupita, gari inanguruma lakini haisogei na mbele taa zinakuja. Muda unaokaa upande wa wenzako ndo muda wa hatari. Legacy huo muda inaukata hata nusu. Lakini hapohapo pana mtego, na ulinishika mwaka wa kwanza karibu na Samburu, nilipita lori tatu kwa mkupuo kwa sababu niliona gari inaweza, na kweli iliweza, kumbe mbele kuna bodaboda haina taa amebeba magunia ya makaa. Breki zilishika, tulipishana na yule kijana umbali wa mkono. Nilisimama pembeni nikatetemeka. Gari ilikuwa sawa, breki sawa, kila kitu sawa, mimi ndo nilikuwa nimeyaacha macho yangu nyuma ya mguu wangu. Tangu siku ile lori moja moja, na kama sioni mwisho wa njia sitoki, hata gari iwe na farasi elfu.

Sasa tuje kwenye maumivu, na nitakaa sana kwenye turbo kwa sababu hapo ndo nimelipa ada kubwa zaidi.

Ilikuwa mwezi wa nane baada ya kununua. Tulikuwa tumetoka mjini na mamangu kwenda harusi ya ndugu zetu Voi. Tangu tunatoka mamangu akaniambia, mwanangu, gari yako hii mbona inalia kama birika? Nikamwambia mama huo ni upepo wa dirisha, vioo vya hizi gari havina fremu. Na ni kweli havina fremu na upepo huingia, lakini mimi ule mluzi nilikuwa nimeshausikia wiki mbili, unaanza ukikanyaga mafuta unapanda juu kama king'ora cha mbali, na nilikuwa nimeamua tu kuwa ni upepo kwa sababu sikutaka kuwa ni kitu kingine. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tukarudi Jumapili mchana. Tumeshapita Maungu, mluzi ukawa mkali, halafu kukakatika kama mtu amezima feni, nguvu zote zikaisha, kuangalia kioo cha nyuma moshi wa buluu umetanda barabara nzima lori la nyuma yangu silioni. Nikabahatika gari ikajikokota mpaka Mackinnon Road nikazima. Mamangu akaketi pale msikitini kwa Sayyid Baghali na tasbihi yake kutoka saa tisa mpaka saa mbili usiku tukingoja brekdauni kutoka Mombasa, hakunilaumu hata neno moja, na hiyo ilikuwa nzito kuliko angenilaumu.

Fundi wangu ni mtu mzima, gereji yake iko Shimanzi, amezitengeneza Subaru tangu mimi niko shule. Alipoifungua akaniita nije nione mwenyewe. Turbo ina shafti nyembamba inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoibeba ni utando wa oili tu, hakuna kingine. Ile oili inafika pale kwa mrija mwembamba, na kwenye bolti iliyofunga ule mrija kuna kichujio kidogo cha wavu, hakizidi kizibo cha kalamu. Akakitoa akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kimeziba tititi, kama kimepakwa lami. Akasema mwenye gari wa mwanzo alikuwa akichelewesha oili, au akiweka oili ya bei rahisi, ikaungua ikawa masizi, yale masizi yakaja kukaa hapa, turbo ikafa kwa kiu na oili imejaa kwenye injini.

Nikamuuliza, sasa fundi, si tununue turbo nyingine tufunge tuondoke?

Akanitazama. Akasema kijana, turbo imesagika, vile vyuma vimekwenda wapi? Vimeshuka na oili mpaka chini. Nikikufungia turbo mpya leo, chuma kile kitapanda kuiua, na baadaye kitaua injini. Mimi siifungi mpaka nishushe sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, nisafishe kile kichujio cha chini, niitoe intakula, kile kinachopoza hewa ya turbo, niioshe au tuweke nyingine, na mirija yote ya oili iwe mipya. Kama huna pesa gari ilale hapa, mimi sina haraka.

Sikuwa na pesa. Gari ililala Shimanzi wiki saba. Turbo iliyotumika kutoka Japani ilinitoka elfu sabini, na kazi yote pamoja na mirija, gasketi, oili mbili (ya kwanza ya kuoshea, ikamwagwa baada ya siku chache) ikafika laki na elfu arubaini hivi. Nimekutana na watu watatu baadaye waliofunga turbo pekee kwa haraka, wawili kati yao walinunua injini mwaka huohuo. Yule mzee kwa kukataa nusu kazi aliniokoa, na namuombea dua.

Kwa hivyo mtu akininunulia soda akaniuliza nikinunua hii gari nianze na nini, namjibu kabla hujaiosha, kabla hujaitembeza kwa marafiki, fungua zile bolti za mrija wa oili utazame vichujio. Halafu oili iwe ya sinthetiki kamili, uzito wa 5W-30, kila kilomita 5,000, usingoje elfu kumi. Na nunua kwa duka unalolijua manake galoni za bandia ziko nyingi mjini na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kama gari imekaribia kilomita laki na mwenye gari hana karatasi ya kuonyesha beleti ya taiming imebadilishwa, hesabu kuwa haijabadilishwa, weka na pampu ya maji hapohapo manake kazi ya kufungua ni ileile.

Jambo lingine ni chumvi. Watu wa bara hawalijui hili na wauzaji wa hapa hawakuambii. Mimi nakaa Mkomani, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, sembuse gari. Disiki za breki asubuhi zina kutu ya rangi ya chungwa, hiyo si kitu, ukikanyaga mara mbili inatoka, shida ni chini. Bolti za miguu, mabano ya egzosi, na yale mapezi membamba ya intakula, kila kitu kinaliwa polepole. Nikawa naipeleka kuoshwa kila wiki nikifikiri nailinda, kumbe kituo nilichokuwa naenda wanatumia maji ya kisima na nyinyi mnajua visima vyetu vingi ni chumvi tupu. Yaani nilikuwa nalipa mia nne kila Jumamosi gari yangu ipakwe chumvi. Sasa nanunua mitungi minne ya maji baridi, yale yasiyo na chumvi, kwa mwenye mkokoteni, naosha mwenyewe, chini ndo naanzia. Na redieta usiitie maji ya bomba wala ya kisima hata siku moja hata kama umekwama, beba kulanti (ile dawa ya kupozea injini) ya akiba kwenye buti, mimi nabeba lita mbili daima.

Joto nalo lina hadithi yake. Intakula ya hii gari, yaani kile kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo, kimelala juu ya injini, na lile tundu la boneti ndo linakipulizia. Barabarani raha tupu. Lakini njoo saa kumi na moja jioni mwezi wa pili, foleni imeanza Buxton mpaka darajani hakuna kinachosogea, hewa haiingii tunduni, joto la injini linapanda juu linakichemsha. Hewa ikiwa moto inakuwa nyepesi, na kompyuta ya injini ikihisi inaanza kujilinda inapunguza makali, basi gari ya farasi 260 inasogea kizito kama imebeba saruji. Na mafuta nayo yanachangia, hizi gari zimetengenezewa ile petroli ya juu ya Japani ambayo kiwango chake cha chini kabisa ni okteni 96 (kipimo cha petroli kuhimili kubanwa bila kulipuka mapema), super yetu ya kawaida haifiki hapo. Mimi naweka ile ya bei ya juu pekee, siku nimeikosa naweka kawaida lita chache na naendesha kwa adabu mpaka nifike inakouzwa.

Bei ya mafuta sitaizungumzia sana, kila mtu analia. Mjini inanipa kilomita sita kwa lita, safari ndefu kumi hivi. Septemba 2023 bei ilipovuka shilingi mia mbili nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu ya kwenda na kurudi kazini peke yake tukaona haiwezekani tena, na mke wangu hakuniambia niuze, aliniambia Jumatatu mpaka Ijumaa panda matatu, gari iwe ya siku mbili. Ndo tulivyofanya mpaka leo. Kila tarehe 14 bei mpya zikitangazwa nazitazama kwanza ndo najua kama mwezi huo nitafika Kilifi mara nne au mara mbili.

Tairi! Hili karibu nilisahau na ni kubwa. Gari ya kuvuta magurudumu yote manne inataka tairi nne za saizi moja na zilizolika sawa. Mimi yangu ni 215/45 rimu 17. Ukitoboka moja ikaharibika ukaweka mpya na tatu za zamani, ile mpya ni kubwa kidogo kwa mzunguko, basi difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafikiri gurudumu moja linateleza, inafanya kazi kila sekunde bila kupumzika mpaka inaungua. Shimo moja la barabara pale Kongowea wakati wa mvua, shimo lililokuwa limefunikwa na maji, liligharimu tairi nne. Tairi nne!

Na iko chini, kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Kivuko cha Likoni maji yakipwa ile ngazi ya feri inasimama wima, bampa ya mbele nimeikwaruza hapo mara mbili, nikajifunza kutazama kupwa na kujaa kwa bahari kama mvuvi kabla ya kwenda Diani, mpaka njia ya Dongo Kundu ilipokamilika nikapumua. Kuna waliosema niinyanyue kwa spesa, vile vipande vya kuinulia gari. Niliinyanyua miezi minne nikaishusha, kule kukaa kitako kwenye kona kulipotea na kwangu mimi hiyo ndo gari yenyewe.

Watu wanavyokutazama pia ni sehemu ya kuimiliki. Ukisema Subaru Kenya tayari umeshahukumiwa, bima kampuni moja iliposikia turbo ilikataa kabisa kunipa bima kubwa nyingine ikanipandishia, na vijana wakiiona ile boneti taa zikiwa nyekundu wananikaribia wananguruma wanataka tushindane. Mmoja aliwahi kuniambia gari yako imekufa sauti, kata egzosi. Nikamueleza hii boksa haingurumi kama zile Subaru Impreza kwa sababu mabomba yake ya egzosi yametengenezwa urefu sawa, imetengenezwa hivo makusudi, na mimi ninaipenda hivo. Babangu Mungu amrehemu alikuwa mpenzi wa Safari Rally, alikuwa akituhadithia dereva wetu Patrick Njiru na Subaru yake, na 1997 dereva Colin McRae aliposhinda Safari na Impreza mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redio na babangu amesimama mlangoni kwa furaha. Kwa hivyo jina hilo kwangu halikuanza na vijana wa kunguruma taani, lilianza nyumbani.

Nimewahi kutaka kuiuza, mara mbili, zote nikiwa na bili mkononi. Mara ya pili mnunuzi alikuja kabisa, kijana mzuri tu, nikamuuliza oili utabadilisha kila kilomita ngapi, akasema ikiwa nyeusi. Nikamuomba radhi, nikamrudishia nauli yake ya kutoka Malindi.

Fundi alinifunza nikitoka safari ndefu nisizime papo hapo, niiache injini ingurume polepole kidogo oili ipite iipoze turbo. Dakika moja inatosha. Mtaani kwetu watoto wa jirani wameshalijua hilo, nikifika jioni ya Jumapili wanakuja kusimama kando ya boneti, wanatia mikono yao juu ya lile tundu wasikie joto linavyotoka, na wanahesabu kwa sauti moja, hamsini na nane, hamsini na tisa, na wakifika sitini wote wananigeukia mimi, na ndo nazima.